Mtafute mama kwanza: kuishi na mbwa chotara wa Labrador na spanieli

Kaniki ni mbwa jike mweusi. Mama yake ni Labrador, baba yake ni spanieli wa aina ya koka. Kwa mbali watu humdhani Labrador ambaye hajamaliza kukua. Wakimkaribia ndipo wanapoyaona masikio marefu, paji lililoinuka kidogo na doa jeupe kifuani, na swali linalofuata huwa lile lile: mbwa wa namna hii anapatikana wapi? Nimelijibu mara nyingi njiani kwa haraka, na jibu la haraka halitoshi. Anayeuliza huwa ameshapenda sura, na sura ndiyo sehemu ya chotara huyu ambayo hakuna anayeweza kukuahidi. Yanayoweza kuahidiwa ni mambo mengine kabisa, na hayo ndiyo yataamua kama wewe na yeye mtaelewana kwa miaka kumi na zaidi.

Nianze na kazi, kwa sababu mbwa hawa wawili walitengenezwa na kazi kabla ya kutengenezwa na maonyesho ya mbwa. Mababu wa Labrador walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, kisiwa kilichoko Kanada, weusi, wenye manyoya mafupi yasiyoshika barafu, walioingia kwenye maji ya baridi kurudisha samaki waliochomoka kwenye ndoana na kuvuta kamba za nyavu. Katika karne ya 19 walivushwa bahari hadi Uingereza, na familia za kikabaila, hasa za Malmesbury na Buccleuch, zikawaendeleza kuwa mbwa wa kuokota ndege waliopigwa. Kennel Club, chama cha Uingereza kinachosajili mbwa wa asili, yaani wa jamii moja isiyochanganywa, kiliwatambua rasmi mwaka 1903. Kazi ya Labrador mawindoni ni ya subira. Hukaa kimya kando ya mwindaji, huangalia ndege anapoangukia, hulikariri eneo, na haondoki mpaka atumwe. Akitumwa huenda moja kwa moja na kurudi na windo mdomoni bila kulitoboa.

Kazi ya spanieli huja kabla bunduki haijalia. Yeye hutangulia, pua chini, akikata kulia na kushoto na kupenya vichaka mpaka ndege waliojificha waruke. Hatakiwi kwenda mbali kuliko risasi inavyoweza kufika, kwa hiyo kizazi baada ya kizazi walichaguliwa wale wanaokimbia kwa kasi huku wakiendelea kumsikiliza binadamu aliye nyuma yao. Koka na springa, spanieli wawili wanaochanganywa zaidi na Labrador, walikuwa ndugu kabisa: mpaka mwishoni mwa karne ya 19 watoto wa uzazi mmoja waliweza kugawanywa kwa ukubwa tu, wadogo wakaitwa koka na wakubwa springa.

Ndiyo maana nautetea uchotara huu kuliko mwingine mwingi ninaouona ukitangazwa. Haukuunganisha tabia mbili zinazovutana. Pande zote mbili zimelelewa kufanya kazi na mtu, karibu na mtu, kwa mdomo usioumiza. Lakini pande zote mbili zinadai vitu vile vile pia, na zikikutana ndani ya mbwa mmoja madai hayo hayapungui. Yanarundikana.

Pua, mdomo na upweke

Kaniki akitoka nje, pua hushuka kabla hata mlango haujafungwa. Kila mbwa hunusa, hilo najua, ila yeye hanusi kwa kupita. Hufuata harufu mpaka mwisho wake, mkia ukizunguka kwa kasi inayoongezeka kadiri anavyokaribia, na katika sekunde hizo sauti ya binadamu huwa imepotea kabisa. Anayemchukua chotara huyu akitarajia mbwa wa kutembea kandokando yake bila kamba tangu wiki ya kwanza atapata tabu, na mbwa atapata tabu zaidi.

Kilichotusaidia ni filimbi na kamba ndefu. Filimbi ina faida moja ambayo sauti yangu haina: hulia vile vile nikiwa nimefurahi, nimechoka au nimeogopa, na hulia vile vile hata anayepuliza akiwa mtu mwingine wa nyumbani. Tulianza ndani, filimbi ikilia na chakula kikifuata papo hapo, kisha uani, kisha mahali pasipo na harufu nyingi, na mwisho kabisa penye vichaka. Kamba ilibaki mwilini muda wote huo. Sikuwa namwita akiwa ameshazama kwenye harufu, kwa sababu kila mwito asioujibu humfundisha kwamba mwito si lazima. Nilisubiri ainue kichwa, ndipo nikapuliza.

Pua hiyo hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote za kumchosha. Wengi hudhani dawa ya mbwa mwenye nguvu ni kumkimbiza, na wakimkimbiza kila siku wanapata mbwa mwenye nguvu zaidi. Mimi humwaga sehemu ya chakula chake kwenye nyasi akitafute punje kwa punje. Huficha kitambaa chenye harufu anayoijua, nyuma ya kiti, chini ya zulia, juu ya ukingo wa ukuta, nikamwambia atafute. Robo saa ya kazi hiyo humlaza kuliko saa nzima ya kutembea akivutwa shingo. Akiwa mzima bado anahitaji kati ya saa moja na mbili za kutoka kila siku, na kwa wenye ratiba isiyoruhusu hilo ningesema wazi kwamba huyu si mbwa wao.

Kisha kuna mdomo. Mbwa aliyezaliwa na Labrador na spanieli hubeba. Hubeba viatu, taulo, rimoti, soksi iliyodondoka. Mgeni akiingia, Kaniki hutafuta kitu chochote cha kushika kabla ya kumkaribisha, na nimezoea kumwacha afanye hivyo kwa sababu mdomo uliojaa haurukii watu. Jambo la kulizingatia tangu utotoni ni namna ya kukipokea anachobeba. Ukimnyang'anya, ukimfukuza kuzunguka meza, ukimfungua taya kwa nguvu, unamfundisha kwamba mtu akikaribia anapoteza. Baadhi ya spanieli hupenda kulinda walichoshika, na kunyang'anywa huukuza mwelekeo huo mpaka mbwa anaanza kunguruma. Badilishana naye. Mpe kizuri, akitoe alichonacho, na pale inapowezekana mrudishie. Leo Kaniki huniletea vitu ambavyo sikujua vimepotea, na huviweka mkononi mwangu.

Upweke ndio mzito kuliko vyote, na haumo kwenye matangazo. Mbwa waliochaguliwa kwa karne nzima ili wasiende mbali na mtu hawawezi kutarajiwa wafurahie kuachwa. Nikihama chumba, yeye huhama. Kumfundisha kukaa peke yake kunahitaji kuanza na dakika chache, mlango ukifungwa na kufunguliwa kabla hajaanza kuhangaika, na kuongeza kidogo kidogo kwa majuma mengi. Nyumba ambayo kila mtu huondoka asubuhi na kurudi usiku itamtesa mbwa huyu, hata iwe na uwanja mkubwa kiasi gani. Uwanja haumsemeshi.

Ulaji nao unahitaji neno. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walieleza kwamba karibu robo ya Labrador wana kipande kilichokosekana kwenye jeni iitwayo POMC, jeni inayohusika na ishara ya kushiba. Mwenye kasoro hiyo huelekea kuwa mzito zaidi na kuhangaikia chakula zaidi, na kati ya nakala mbili za jeni ambazo kila mbwa anazo, moja ya baba na moja ya mama, moja tu yenye kasoro inatosha kuleta tofauti. Maana yake kwa chotara iko wazi: kama mzazi wake Labrador ana nakala moja ya namna hiyo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, hata kama mzazi wa pili ni spanieli mwembamba asiyejali sahani. Kwa hiyo macho ya mbwa anayekutazama ukila si kipimo cha njaa. Kipimo ni mbavu: uzihisi kwa urahisi ukipitisha vidole, bila kuzikandamiza, na ukimtazama kwa juu uone kiuno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia Labrador 48 maisha yao yote, wawili wawili, mmoja akila robo pungufu ya mwenzake. Waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na matatizo ya viungo yaliwachelewa. Sijui dawa yoyote ya mbwa yenye matokeo kama hayo.

Sura ni bahati

Labrador mzima huwa na kilo 25 hadi 36 hivi, koka kati ya 12 na 15. Watoto wao huangukia popote katikati, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kupishana sana. Akiwa wa springa badala ya koka atakuwa mkubwa zaidi na mwenye miguu mirefu.

Manyoya yana kanuni inayoeleweka kidogo. Urefu wa manyoya ya mbwa hutegemea kwa sehemu kubwa jeni iitwayo FGF5, na ufupi huushinda urefu. Labrador kwa kawaida hutoa nakala ya ufupi, spanieli hutoa ya urefu, kwa hiyo watoto wa kizazi cha kwanza wengi hutoka na manyoya mafupi au ya wastani, yenye vishada vidogo nyuma ya miguu na chini ya mkia. Ukiona tangazo la kizazi cha kwanza linaloahidi masikio ya mawimbi kama ya koka wa maonyesho, ujue mwandishi wake anaahidi asichoweza kutoa. Rangi nazo zina mambo yake. Mweusi hutokea mara nyingi kwa sababu weusi huzishinda rangi nyingine, na alama nyeupe kifuani au kwenye vidole ni ya kawaida. Hata wale mbwa wa wavuvi wa Newfoundland walikuwa nazo. Ahadi moja zaidi ya kukataa ni ile ya mbwa asiyepukutisha manyoya. Wazazi wote wawili hupukutisha, naye atapukutisha.

Masikio yake, marefu kwa kiasi chochote, yanataka kuangaliwa kila wiki. Yakining'inia na kufunika tundu, unyevu hubaki ndani, na mbwa huyu atapenda maji. Baada ya kuogelea huwa nayafuta kwa kitambaa kikavu sehemu ninayoiona tu. Sichokonoi ndani kwa pamba ya kijiti, kwa kuwa husukuma uchafu chini. Sikio jekundu, lenye harufu ya uchachu, au mbwa anayetikisa kichwa bila kukoma, hayo ni ya kumpeleka kwa daktari wa wanyama na si ya kujaribu dawa ya sikio iliyobaki kabatini. Angalia pia katikati ya vidole kila mkitoka kwenye nyasi kavu. Mbegu zenye ncha hunasa kwenye manyoya ya spanieli, hutoboa ngozi na kuendelea kusafiri ndani.

Chotara si kinga

Wauzaji wengi watakuambia chotara haugui. Kauli hiyo ina ukweli nusu, na nusu inayokosekana ndiyo ya kuijua.

Magonjwa mengi ya kurithi hutokea mtoto anapopata nakala mbovu ya jeni kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Ugonjwa ulio upande mmoja tu hauwezi kukamilisha jozi kwa chotara wa kizazi cha kwanza. Kwa mfano, koka wa Uingereza wana ugonjwa wa figo wa kurithi unaowaua wangali vijana. Kasoro ile ya koka si ya Labrador, kwa hiyo watoto wa hao wawili wanaweza kuibeba lakini hawaugui. Hapo kauli ya muuzaji inasimama.

Inaanguka kwenye macho. Labrador na koka wote wawili wana kasoro moja na ile ile ya jeni inayoua polepole retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, ugonjwa uitwao PRA wa aina ya prcd. Mbwa huanza kushindwa kuona gizani, kisha hupofuka kabisa, na hakuna tiba. Mama akiwa mbebaji, yaani ana nakala moja mbovu, na baba akiwa mbebaji, wote wakiwa na macho mazima, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupofuka. Uchotara haukumlinda hata kidogo, kwa kuwa jamii mbili tofauti zimeleta kasoro moja. Kinachomlinda ni kipimo cha jeni, kinachofanywa kwa kusugua ndani ya shavu mara moja tu maishani. Mzazi mmoja akiwa safi, yaani hana nakala mbovu hata moja, hakuna mtoto atakayeugua. Ni kazi ndogo mno kwa kitu kikubwa namna hiyo, na mzalishaji asiyeifanya simwelewi.

Nyonga ni habari nyingine, kwa sababu jeni nyingi zinahusika na hakuna kipimo cha shavu. Hapo hutumika picha za eksirei za wazazi, zinazosomwa na wataalamu na kupewa alama. Katika mfumo wa Uingereza kila nyonga hupewa kati ya 0 na 53, jumla 106, na alama ndogo ndiyo nzuri. Labrador apigwe picha za viwiko pia. Malezi yanachangia: utafiti wa Norway wa mwaka 2012, uliofuatilia mbwa wakubwa wakiwemo Labrador, ulikuta kwamba watoto waliopanda na kushuka ngazi kila siku kabla ya miezi mitatu walikuwa na hatari kubwa zaidi ya nyonga mbovu, na waliocheza kwa uhuru kwenye ardhi laini walikuwa na hatari ndogo zaidi. Chotara huyu ni mdogo kuliko Labrador, lakini nilimbeba Kaniki kwenye ngazi hata hivyo, na sikumpeleka mbio za barabarani mpaka alipokomaa.

Nikiongeza moja tu kwa wanaoamini kwamba chotara lazima aishi zaidi: utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2024, wenye mbwa zaidi ya nusu milioni, ulikuta wastani wa kati wa miaka 12.7 kwa mbwa wa asili na 12.0 kwa machotara. Haimaanishi chotara ni dhaifu; wako wa kila namna ndani ya kundi hilo. Inamaanisha neno chotara peke yake halikuambii chochote kuhusu afya ya mtoto wa mbwa aliyeko mbele yako.

Jinsi ya kumpata

Sasa lile swali la njiani. Utamkuta akitangazwa kwa majina kadhaa, spanado, springado na mengine, au kwa maelezo tu. Usiangalie watoto kwanza. Watoto wote wa mbwa wanapendeza, na ukishamshika mmoja akili imekwisha. Mtafute mama.

Nilipokwenda kumwona mama yake Kaniki, nilikaa naye muda mrefu kuliko nilivyokaa na watoto. Alikuwa Labrador wa mawindo, mwepesi, na alikuja kunisalimia huku mdomoni amebeba glovu. Alikubali niguse miguu yake na masikio yake. Aliruhusu mwenye nyumba amwinue mtoto mmoja bila wasiwasi. Nilichokuwa natafuta ni hicho: mama asiyeogopa watu na anayewaamini wa nyumbani kwake, kwa sababu watoto humrithi na pia hujifunza kwake kila siku wanayokaa pembeni yake. Mama anayejificha, anayetetemeka au anayengurumia wageni wote anakuambia jambo, hata kama maelezo ya muuzaji ni matamu.

Ukiambiwa mama hayupo, yuko kwa daktari, yuko kwa ndugu, au muuzaji akapendekeza mkutane barabarani ili akurahisishie safari, ondoka. Hiyo ni biashara ya mbuzi ndani ya gunia. England ilipitisha sheria iliyoanza kutumika Aprili 2020 inayowakataza wafanyabiashara wa kati kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi sita. Sheria hiyo inaitwa kwa jina la Lucy, spanieli wa aina ya kavalia aliyeokolewa kutoka mahali ambapo alizalishwa mfululizo hadi mwili ukaharibika. Nyuma ya kila mtoto anayeuzwa bila mama kuonekana anaweza kuwepo Lucy mwingine. Ndiyo sababu swali la mama kwangu si la ukaguzi wa bidhaa. Ni kuhusu yule ambaye hataonekana kwenye picha yoyote.

Uliza wazazi wametoka ukoo wa kazi au wa maonyesho. Hili hupuuzwa, na tofauti yake ni kubwa kuliko ya koka na springa. Koka wa ukoo wa kazi akizaa na Labrador wa ukoo wa kazi watatoka mbwa wasiotulia bila shughuli; wa maonyesho kwa pande zote mbili huwa wazito na wapole zaidi. Uliza nani mkubwa kati ya baba na mama. Mimi napendelea mama awe Labrador, maana kumpandisha jike mdogo kwa dume mkubwa ni kumtia hatarini wakati wa kuzaa. Uliza amezaa mara ngapi na mwisho lini. Omba majibu ya vipimo vya macho na nyonga kwa maandishi, ya wazazi wote wawili, yenye utambulisho wa mbwa husika. Na umwangalie muuzaji: anayekuuliza wewe maswali magumu, unaishi vipi, nani atabaki na mbwa mchana, umewahi kufuga, huyo anajali watoto wanakokwenda. Ambaye swali lake pekee ni utalipa lini hajali.

Mtoto asiondoke kwa mama kabla ya wiki nane. Lakini wiki za kabla ya hapo na zinazofuata si za kusubiri tu. Watafiti wa Bar Harbor, Marekani, walionyesha mwaka 1961, wakitumia watoto wa koka na wa bigo (beagle, aina nyingine ya mbwa wa mawindo), kwamba mbwa aliyekua bila kumgusa binadamu mpaka wiki ya 14 hawezi tena kumzoea kikamilifu. Kwa hiyo uliza watoto wanalelewa wapi. Waliokulia ndani, penye sauti za sufuria, watoto wa binadamu na mlango unaogongwa, wameshaanza masomo. Waliokulia kwenye banda la nyuma wakipelekewa chakula tu wameanza kuchelewa. Ukishamleta kwako chanjo zitaendelea mpaka kama wiki ya 16, na parvo ni ugonjwa unaoua, kwa hiyo usimweke chini mahali wanapopita mbwa wasiojulikana. Mbebe mikononi, aone baiskeli, mvua, watu wenye kofia, mbwa mzima wa rafiki aliyechanjwa.

Usitegemee jamii ikueleze kila kitu kuhusu tabia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliotumia taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba jamii ya mbwa inaeleza asilimia tisa tu hivi ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine, ingawa utayari wa kumsikiliza mtu ulikuwa miongoni mwa mambo yanayorithiwa zaidi. Ndani ya tumbo moja utamkuta mchokozi, mwenye haya na yule anayelala wengine wakigombana. Mwombe aliyewalea akuchagulie kulingana na nyumba yako. Amewaona usiku na mchana, wewe umewaona saa moja.

Nimewaacha mwisho mbwa walio kwenye makao ya wanyama, na siyo kwa kuwashusha thamani. Wapo wengi weusi, wa ukubwa wa kati, wenye masikio yaliyolala, na kwenye kadi zao kumeandikwa mchanganyiko wa Labrador na spanieli. Mara nyingi ni kukisia. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 ulilinganisha kadi za mbwa zaidi ya 900 wa makao mawili na vipimo vyao vya jeni: wafanyakazi walipata angalau jamii moja sahihi kwa mbwa wengi, lakini kutaja zaidi ya moja kwa usahihi walifanikiwa kwa mbwa mmoja tu kati ya kumi. Sioni kama hilo ni hasara. Mbwa mzima ameshamaliza bahati nasibu. Kilo zake unaziona, manyoya yake unayaona, nyonga zake zinaweza kupimwa leo, na tabia yake ipo mbele yako badala ya kuwa utabiri.

Tatizo ni kwamba makaoni, penye kelele na harufu za mbwa wengi, karibu kila mbwa ni mtu mwingine. Mwenye pua ya spanieli anaweza kuonekana mzito wa kusikia, na anayehofia upweke anaweza kubweka mpaka ukadhani ni mkali. Kwa hiyo uliza kama yupo aliyewahi kukaa naye nyumbani kwa muda, hata wikendi moja. Muulize mbwa alifanya nini mlango ulipofungwa na yeye akabaki peke yake. Muulize akishika kitu mdomoni hukiachia vipi, na akinusa kitu nje hurudi baada ya muda gani. Mpe nafasi ya kujibu kwa kirefu.